Kalkuleta ya grafu: programu ya hesabu au gemu, na namna ya kuziandika zote mbili

Mtu akishapata kalkuleta ya grafu na akagundua kumbe inakubali programu, swali linakuwa hilohilo kila siku, niandike kitu cha maana cha hesabu au niandike gemu? Hapo watu wanagawanyika, wa hesabu wanasema gemu ni kuchezea muda, wa gemu wanasema hesabu tayari imo ndani ya kalkuleta sasa unaandika nini tena. Mi naona wote wanaliruka jambo kubwa zaidi. Gemu ikiwa na kosa unaliona palepale, alama inapita ukutani, herufi haifutiki, mchezo unaganda. Programu ya hesabu ikiwa na kosa inakupa namba, namba safi kabisa yenye desimali zake, na wewe unainakili kwenye karatasi huku unaiamini. Kwa hiyo hizi kazi mbili haziandikwi kwa akili moja wala hazitestiwi kwa njia moja, na hapa ntaonyesha zote mbili kwa kodi (mistari ya programu) unayoweza kuingiza leo.

Ntatumia TI-BASIC, lugha ya programu iliyomo ndani ya kalkuleta za Texas Instruments (TI) kama TI-83 Plus na TI-84 Plus, mana ndo lugha ambayo watu wengi wanakutana nayo. Casio nao wana BASIC yao (na wao ndo walianza kabisa na kalkuleta ya grafu, fx-7000G ya mwaka 1985, Texas Instruments wakaja na TI-81 mwaka 1990), alama zinabadilika kidogo, kwa mfano kusoma namba Casio wanaandika ?→A, lakini mawazo ni yaleyale. TI-84 Plus CE nyingine zina Python pia, humo mawazo haya yanahamia bila shida.

Kwanza ijue mashine yenyewe. TI-84 Plus ile ya skrini nyeusi na nyeupe ina prosesa ya Z80 inayokwenda 15 MHz, RAM unayoweza kuitumia ni kama kilobaiti 24 tu, na skrini ni doti 96 kwa 64. Ukiwa kwenye skrini ya kawaida ya kuandika una mistari 8 ya herufi 16. CE ina nafasi zaidi, mistari 10 ya herufi 26, na prosesa yenye kasi zaidi. Hizo herufi 16 zitakusumbua kuliko unavyodhani, ujumbe wowote unaotaka kumwonyesha mtumiaji inabidi uingie humo, kwa hiyo zoea kuandika maneno mafupi.

Kuanza: bonyeza PRGM, sogea mpaka NEW, andika jina lisilozidi herufi 8, ENTER. Ukiwa ndani ya programu bonyeza tena PRGM utaona CTL (If, For(, While na wenzake) na I/O (Disp, Input, Output( na getKey). Kitu kinachowakwamisha wanaoanza ni kwamba amri huwezi kuiandika herufi kwa herufi. Ukiandika D, i, s, p kwa ALPHA kalkuleta haitaitambua, lazima uichague kwenye menyu, amri nzima inaingia kama kitu kimoja. Mshale → unatoka kwenye kitufe cha STO, na alama za = < ≤ ziko 2nd MATH. Na tofautisha alama ya kutoa na alama ya hasi, ni vitufe viwili tofauti, ukivichanganya utapata ERR:SYNTAX. Ikitokea, chagua Goto, itakupeleka moja kwa moja mahali penye kosa.

Tuanze na hesabu, na tuanze na ile ambayo kila mtu anaianza, mlinganyo wa kwadratiki. Prompt inaomba namba, Disp inaonyesha jibu. Wengi wanaandika hivi:

:Prompt A,B,C
:B²-4AC→D
:Disp (-B+√(D))/2A
:Disp (-B-√(D))/2A

Alafu wanatesti kwa X²-5X+6, wanapata 3 na 2, wanafurahi, wanafunga. Sasa ingiza 2X²-10X+12, ambayo ni mlinganyo uleule umezidishwa kwa 2 kwa hiyo majibu yalitakiwa kuwa yaleyale 3 na 2. Programu inakwambia 12 na 8. Hamna ERR, hamna onyo lolote. Sababu yake ni kwamba TI-84 ikiona /2A inagawa kwa 2 kwanza halafu inazidisha kwa A, inakwenda kushoto kwenda kulia tu. A ikiwa 1 kosa linajificha kabisa. Dawa ni mabano, /(2A), lakini la kushika hapa ni namba za kutestia. Usichague namba rahisi, chagua namba zitakazokuumbua. Kila herufi unayoiomba ipe thamani isiyo 0 wala 1 angalau mara moja, alafu ndo uipe 0 na hasi makusudi uone itafanya nini.

Tuiandike vizuri sasa:

:Prompt A,B,C
:If A=0
:Then
:Disp "A ISIWE 0"
:Stop
:End
:B²-4AC→D
:Disp "D=",D
:If D<0
:Then
:Disp "HAKUNA HALISI"
:Stop
:End
:If B<0
:Then
:(-B+√(D))/(2A)→P
:Else
:(-B-√(D))/(2A)→P
:End
:0→Q
:If P≠0
:C/(AP)→Q
:Disp P,Q

Hapo katikati kuna kitu ambacho wengi watauliza cha nini, kwanini nisitumie fomula ya kujumlisha na ya kutoa kama ilivyo kitabuni. Kalkuleta hii inabeba tarakimu 14 ndani, inakuonyesha 10. Chukua X²-100000000X+1. B² ni 1 yenye sifuri 16, ukitoa 4 unapata namba yenye tarakimu 16, haitoshei, inakadiriwa na ile 4 inapotea, kipeuo chake kinakuwa sawasawa na B, na jibu dogo linatoka 0. Jibu la kweli ni 0.00000001. Dogo, sawa, lakini sio sifuri, ukiligawia kitu mbele ya safari utakuwa umepotea mbali. Kwa hiyo tunatafuta kwanza lile jibu ambalo halina kutoana, P, alafu la pili tunalipata kwa sababu majibu mawili yakizidishwa yanatoa C/A. Hicho ndo kitu ambacho kuandika programu kunakufundisha na kukariri fomula hakukufundishi.

Na hiyo Disp "D=",D usiitoe. Programu inayoonyesha hatua ya katikati ina faida mara mbili ya inayotema jibu la mwisho, mana unaweza kulinganisha na kazi yako ya mkono ukajua ni wapi mlipoachana.

Sasa kabla hujaandika nyingine jiulize kama kalkuleta tayari haina. Kutafuta mteremko wa kwenye nukta kuna nDeriv(, eneo chini ya mchoro kuna fnInt(, wastani na mkengeuko sanifu viko kwenye STAT, kigawo kikubwa cha shirika kuna gcd(. Kuziandika upya ni mazoezi mazuri lakini usijidanganye kwamba utazitumia. Programu utakayoitumia kweli ni ya kazi unayoirudia mara nyingi, hatua zake zilezile, na hamna kitufe chake. Mfano wangu ninaoupenda ni kurahisisha vipeuo. Kalkuleta ukiiuliza √72 itakupa 8.485281374 wakati unaambiwa uache jibu kama 6√2. Mistari mitano tu:

:Prompt N
:iPart(√(N))→K
:While fPart(N/K²)
:K-1→K
:End
:Disp K,N/K²

(Sita ukihesabu Prompt.) iPart (sehemu nzima ya namba) na fPart (sehemu ya desimali) ziko MATH, NUM. Inaanza na namba kubwa kabisa ambayo mraba wake hauzidi N, inashuka mpaka ipate mraba unaogawanya N bila kubaki. 72 inatoa 6 na 2. Jaribu 49 upate 7 na 1, jaribu 7 upate 1 na 7, hizo tatu zinagusa kila hali. Ukiipa 0 italeta ERR:DIVIDE BY 0, na mi naona hapo sio mbaya, kosa linalopiga kelele nalipenda kuliko jibu la uongo. Lakini ukiipa 7.5 itashuka mpaka ipitilize, K inafika 0, kosa tena. Ukitaka kumsaidia mtumiaji weka sharti la N kuwa namba nzima chanya mwanzoni.

Ya pili inayofaa ni kuvunja namba kwenye vigawo vyake tasa:

:Prompt N
:2→P
:While P²≤N
:If fPart(N/P)=0
:Then
:Disp P
:N/P→N
:Else
:P+1+(P>2)→P
:End
:End
:If N>1
:Disp N

360 itakupa 2, 2, 2, 3, 3, 5. Angalia ule mstari wa P+1+(P>2). Kwenye TI-BASIC sharti ni namba, kweli ni 1 na uongo ni 0, kwa hiyo kutoka 2 unakwenda 3, kutoka 3 unaruka kwenda 5, 7, 9, yaani namba shufwa umeziacha zote bila If ya ziada. Hii mbinu ikumbuke, kwenye gemu ndo itakuwa kila kitu. Na angalia While P²≤N, tunaishia kwenye kipeuo cha N badala ya kwenda mpaka N yenyewe, kwenye mashine ya kasi hii tofauti yake ni kati ya kusubiri kidogo na kukata tamaa. Hata hivo ukiipa namba tasa ya kwenye bilioni itazunguka zaidi ya mara elfu 15, iache ifanye kazi yake, ukichoka bonyeza ON inakatika.

Haya, gemu. Anza na ya kukisia namba, sio kwa sababu inasisimua sana, ila kwa sababu ya inakokupeleka:

:randInt(1,100)→N
:0→T
:Repeat G=N
:Input "KISIA ",G
:T+1→T
:If G<N
:Disp "PANDISHA"
:If G>N
:Disp "SHUSHA"
:End
:Disp "UMEPATA",T

Repeat inaangalia sharti lake mwishoni, ikifika End, kwa hiyo lazima izunguke angalau mara moja. While inaangalia mwanzoni. Ukizichanganya gemu yako itaisha kabla haijaanza. Anayecheza kwa akili anagawa nusu kila mara, na hawezi kuzidisha makisio 7 mana 2 kwa kipeo cha 7 ni 128 na namba zenyewe ni 100 tu. Sasa hebu mgeuze mchezaji awe kalkuleta. Badala ya mtu kukisia, programu inakisia, na badala ya kuambiwa pandisha au shusha inaangalia kama mchoro uko juu au chini ya sifuri. Umepata njia ya kutafuta mahali mchoro wowote unapokata mhimili (Y₁ ni fomula ya mchoro unayoiandika kwenye kitufe cha Y=):

:Prompt A,B
:If Y₁(A)*Y₁(B)>0
:Then
:Disp "ALAMA SAWA"
:Stop
:End
:For(I,1,40)
:(A+B)/2→M
:If Y₁(A)*Y₁(M)≤0
:Then
:M→B
:Else
:M→A
:End
:End
:Disp M,Y₁(M)

Weka X²-2 kwenye Y₁, mpe A 1 na B 2, utapata 1.414213562. Nimetumia For( ya mara 40 badala ya kusema rudia mpaka tofauti iwe ndogo kuliko kitu fulani, mana A na B zikiwa kubwa sana zile tarakimu 14 zinaisha kabla hujafika kwenye udogo ulioutaka na lupu (mistari inayorudiwa) haitoki milele. Mara 40 za kugawa nusu zinapunguza nafasi kwa zaidi ya trilioni moja, inatosha.

Hiyo Y₁(M) mwishoni ndo mlinzi wako. Weka 1/X kwenye Y₁, A iwe -1 na B iwe 2. Mchoro huo haukati mhimili popote, lakini alama zinatofautiana kwa hiyo programu inakubali, inagawa nusu kwa bidii, na mwisho inakupa namba ndogo sana karibu na 0 kama vile imepata. Ukionyesha M peke yake umedanganywa. Ukionyesha na Y₁(M) unaona dude kubwa la ajabu badala ya kitu cha karibu na sifuri, unajua hapo hamna jibu. Programu yoyote ya hesabu unayoandika, kama jibu linaweza kurudishwa kwenye swali likakaguliwa, mwache programu alikague mwenyewe na akuonyeshe. Ni mstari mmoja tu.

Gemu za kusogea ndo zinaanza kuwa gemu kweli. Tofauti yake na zote hapo juu iko kwenye amri moja, getKey. Input na Prompt zinasimama zinakusubiri, getKey haisubiri, inaangalia tu kitufe gani kimebonyezwa, inatoa namba yake, kama hamna inatoa 0, na maisha yanaendelea. Namba zenyewe zinatokana na mstari na safu ya kitufe, mshale wa juu ni 25, chini 34, kushoto 24, kulia 26, CLEAR 45, ENTER 105.

:ClrHome
:4→R
:8→C
:Output(R,C,"X")
:Repeat K=45
:getKey→K
:If K
:Then
:Output(R,C," ")
:R+(K=34)(R<8)-(K=25)(R>1)→R
:C+(K=26)(C<16)-(K=24)(C>1)→C
:Output(R,C,"X")
:End
:End
:ClrHome

Ile mistari miwili ya R na C ndo mbinu ya sharti kuwa namba niliyosema. Mshale wa chini umebonyezwa na bado hujafika mstari wa 8, basi 1 mara 1, unashuka. Umefika ukingoni, 1 mara 0, unabaki ulipo. Ingeweza kuandikwa kwa If nne zenye Then na End zake lakini ingekuwa ndefu na ungeiona inavuta. Kwenye CE badilisha 8 iwe 10 na 16 iwe 26. Ona pia kwamba tunafuta na kuchora pale tu kitufe kinapobonyezwa. Wanaoanza wanaweka ClrHome ndani ya lupu, skrini nzima inafutwa kila mzunguko, inapepesa mpaka macho yanauma. Futa herufi moja iliyohama, basi.

Kutoka hapo weka shabaha, randInt(1,8)→S na randInt(1,16)→T kabla ya lupu, Output(S,T,"O"), na ndani baada ya kusogea uliza kama R=S and C=T, ikiwa kweli ongeza alama na utupe shabaha nyingine. Unaona inakua yenyewe. Ila ongeza kitu kimoja, cheza, ongeza kingine. Ukiandika mistari 150 kwenye kile kiskrini alafu ndo ujaribu kwa mara ya kwanza, kulitafuta kosa ni mateso.

Kasi ndo vita kuu ya gemu, na TI-BASIC inasomwa amri kwa amri wakati programu inaenda, kwa hiyo kila kilichomo ndani ya lupu kinalipiwa kila mzunguko. Hesabu ambayo haibadiliki itoe nje. Lbl (alama ya mahali) na Goto (ruka mpaka kwenye alama hiyo) ziogope kidogo, kwa sababu mbili. Goto inaanza kutafuta Lbl yake tangu juu ya programu, programu ikiwa ndefu unasikia. Na ukiruka na Goto kutoka ndani ya For(, While, Repeat au If yenye Then kabla ya kufika End, kalkuleta inabaki inakumbuka kwamba kuna End inaisubiri, kumbukumbu hizo zinajilimbikiza, na baada ya kucheza muda unapata ERR:MEMORY ambayo hujui imetoka wapi. Gemu inayokufa baada ya dakika kadhaa wakati mwanzoni ilikuwa nzima, hapo ndo pa kuangalia kwanza.

Zile gemu za kasi kali unazoziona kwenye kalkuleta za watu hazijaandikwa kwa TI-BASIC, ni asembli ya Z80, yaani lugha ya amri za prosesa yenyewe, nyingi zinahitaji programu ya kuziendesha kama MirageOS. Asembli ni nzuri lakini kosa dogo linaikrashi kalkuleta nzima na RAM inafutika. Na kama una CE jua kwamba mwaka 2020 Texas Instruments waliondoa uwezo wa kurun asembli na C kwenye mfumo mpya, kwa hiyo angalia una toleo gani kabla hujapanga kwenda huko. Kwa anayeanza TI-BASIC inatosha kabisa na kubaki.

Jambo lingine linalogombanisha gemu na hesabu kwenye mashine moja ni herufi. A mpaka Z ni za wote, programu zote na wewe mwenyewe mnatumia zilezile. Gemu ikitumia X na R, thamani ulizokuwa umezihifadhi zimekwenda. Mbaya zaidi ni orodha, gemu ikihifadhi vitu kwenye L₁ wakati wewe una data ya takwimu humo, data imekwenda na hamna kurudisha. Tengeneza orodha yenye jina lake mwenyewe, inatoka 2nd STAT, OPS, ile ⌊ ndogo, mfano ⌊GEMU. Kumbuka kila namba kwenye orodha inakula baiti 9, ramani ya gemu ya 8 kwa 16 ikiwekwa namba moja kwa kila nafasi ni zaidi ya baiti 1100, wakati maneno na herufi zingechukua pungufu ya hapo.

Ukinisikiliza, kitu cha kuandika baada ya hizi ni gemu ambayo ndani yake ni hesabu. Mfano kurusha kitu kifike kwenye shabaha:

:Degree
:randInt(20,80)→M
:Disp "SHABAHA",M
:Repeat abs(U-M)≤1
:Input "KASI ",V
:Input "PEMBE ",θ
:V²sin(2θ)/9.8→U
:Disp round(U,1)
:End
:Disp "UMELENGA"

Kasi ya 28 kwa pembe ya 45 inafika 80 kamili, hapo una pa kutestia. Mstari wa kwanza, Degree, unaonekana kama pambo. Utoe, weka kalkuleta kwenye Radian, ingiza kasi 20 na pembe 45. Jibu sahihi ni 40.8. Utapata 36.5. Sio hasi, sio kubwa kupindukia, ni namba ambayo mtu yeyote angeikubali, ungecheza gemu nzima ukilaumu mikono yako. Programu yoyote yenye sin, cos au tan iweke hali yake yenyewe mstari wa kwanza, usitegemee mtumiaji kaiacha kalkuleta vipi.

Ukimaliza zihifadhi. Programu zikiwa RAM zinafutika ukiriseti, kwa hiyo 2nd MEM, Archive, alafu jina la programu, utaiona ina kinyota pembeni. Kwenye TI-83 Plus na TI-84 Plus za skrini nyeusi na nyeupe programu iliyo arkaivu hairun, inatoa ERR:ARCHIVED, unaifanyia UnArchive kwanza. Na nakala weka kwenye kompyuta kwa waya na TI Connect. Kuhusu mitihani, sheria zinatofautiana, kuna wanaoruhusu programu na kuna wanaofuta memori mlangoni au wanaokuwekea hali ya mtihani inayozifungia programu zote, uliza mapema uambiwe, na nakala yako iwe imeshakaa kwenye kompyuta kabla ya siku hiyo.